Barua ya wazi: Dereva aambiwe kilichomo ndani ya chupa

Dodoma

Kwa Waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya usalama barabarani, udhibiti wa dawa na utoaji wa leseni za udereva.

YAH: MAFUTA YA KANABIDIOLI YANAYOUZWA KWA MADEREVA, UONI WAO NA UWEZO WAO WA KUENDESHA VYOMBO VYA MOTO

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mpima macho. Nimeifanya kazi hii hapa Dodoma kwa miaka 19, na wateja wangu wengi ni madereva: wa malori yanayopita kuelekea Singida na mpaka wa Rusumo, wa mabasi ya stendi kuu ya Nanenane, wa bajaji na bodaboda za mjini, na siku hizi wa magari ya Serikali yanayokwenda Mtumba asubuhi na kurudi jioni. Naandika hadharani kuhusu mafuta hayo, yanayotokana na mmea wa bangi, baada ya kuandika faraghani mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono mwezi Machi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nikarudi nyumbani nikiwa na matumaini. Ya pili, ya Juni, ilijibiwa kwa simu na afisa aliyeniuliza kama nina ushahidi wa ajali; nilipomwambia kwamba naandika ili ushahidi huo usipatikane, akanishauri nisubiri. Ya tatu iliniletea jibu la mistari miwili: bangi ni marufuku nchini, na suala hilo linafahamika. Ofisi hizo sizitaji hapa, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu yeyote bali kupata jibu.

Niruhusuni nieleze kilichonifanya nianze kuandika. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima aliyepita miaka 50, alikuja kutaka miwani. Alilalamika kwamba usiku taa za magari yanayokuja mbele yake zinazungukwa na duara la rangi, na kwamba jioni akirudi kutoka Kibaigwa inambidi afunike jicho moja kwa mkono ndipo aione barabara. Nilimpima presha ya macho nikapata 27 jicho la kulia na 26 la kushoto, ilhali kwa watu wengi kipimo hukaa kati ya 10 na 21. Nilipomuuliza dawa anazotumia, akatoa mfukoni kichupa cheusi chenye kitonesha. Alikuwa ameuziwa karibu na stendi kama kirutubisho cha mgongo na usingizi. Lebo yake, ya Kiingereza, ilisema kina miligramu 1000 za kanabidioli, ile ambayo wauzaji huiita CBD, ndani ya mililita 30, na kwamba hakina kabisa THC, yaani kemikali inayolevya katika bangi. Alikuwa akidondosha vitonesha viwili vilivyojaa chini ya ulimi kila anapopaki gari kulala, na kimoja asubuhi kabla ya kuwasha injini.

Sikumwambia kwamba mafuta yale ndiyo yaliyompandisha presha. Jicho halisemi sababu yake, na huenda presha hiyo alikuwa nayo miaka mingi bila kujua. Lakini aliponiuliza, "Sasa mtaalamu, niendelee nayo au niache?", niligundua kwamba hakuna karatasi hata moja ya Serikali ninayoweza kumfungulia nikamsomea. Malalamiko yangu yote, Waheshimiwa, yametokana na swali lile, nami nayapanga kama ifuatavyo.

1. Dereva hajui anachomeza, na hata jina la kitu chenyewe linamdanganya.

Kanabidioli hutoka katika mmea wa bangi. Ilitenganishwa mara ya kwanza mwaka 1940 na mwanakemia wa Marekani, Roger Adams, na muundo wake ukafahamika mwaka 1963 kwa kazi ya Raphael Mechoulam na mwenzake kule Israel. Mwaka uliofuata Mechoulam na Yehiel Gaoni wakaitenganisha THC katika hali yake safi. Kemikali hizi mbili ni ndugu wa mmea mmoja ila tabia zao ni mbalimbali, kwani THC hulevya, na kanabidioli peke yake hailevyi kwa namna hiyo. Hadi hapo muuzaji anasema kweli.

Uongo unaingia pale anapotakiwa kueleza mmea. Wauzaji wetu wamechukua neno la Kiingereza la bangi isiyo na makali, "hemp", wakalitafuta katika kamusi, wakapata "katani". Msomaji wa Kitanzania akisikia katani anaona mkonge, anaona Tanga, anaona kamba na magunia. Dereva wangu aliniapia kwamba anakunywa mafuta ya mkonge, tena akanisifia kuwa ni bidhaa ya nyumbani. Ningecheka kama asingekuwa na lori la matangi mawili nje ya mlango wangu.

Na hata anayejua kwamba ni bangi hawezi kuiamini lebo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 nchini Marekani ulipima bidhaa 84 za kanabidioli zilizonunuliwa mtandaoni. Bidhaa 26 tu, chini ya theluthi moja, ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua. Katika bidhaa 18 kati ya hizo 84 ilikutwa THC. Iwapo hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika soko lenye maabara kila mtaa, sioni kwa nini tuamini kichupa kilichosafiri hadi stendi ya Dodoma bila risiti.

2. Ukweli kuhusu kuendesha gari upo, umepimwa, na haumfikii dereva.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kanabidioli safi inamfanya mtu agonge. Majaribio niliyoyasoma hayasemi hivyo, na mtu akitaka kuwatisha madereva kwa uongo atawapoteza siku ya kwanza watakapougundua.

Jaribio ninalolithamini zaidi lilifanyika Maastricht, Uholanzi, na kuchapishwa Desemba 2020. Watu 26 wenye afya njema walivuta mvuke wa bangi ya aina tofauti kwa siku tofauti, kisha wakaendesha gari la kweli katika barabara kuu ya kweli, umbali wa kilomita 100, wakiwa na mwalimu pembeni. Kilichopimwa ni jinsi gari linavyoyumba kushoto na kulia ndani ya njia yake. Dereva yeyote wa safari ndefu anakijua kipimo hicho hata kama hajui jina lake; utingo akikuambia "bosi, unacheza na mstari", ndicho anachokupimia. Walipovuta bangi yenye kanabidioli tupu, gari halikuyumba kuliko walipovuta mvuke usio na kitu. Walipovuta yenye THC, myumbo uliongezeka kwa sentimita 2.33 kati ya dakika ya 40 na ya 100. Walipovuta yenye vyote viwili kwa kiasi sawa, uliongezeka kwa sentimita 2.83. Baada ya saa nne hadi tano tofauti hizo hazikuonekana tena.

Sentimita mbili na ushei zinaonekana ndogo kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi. Wataalamu walizilinganisha na myumbo wa dereva mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mtu akitaka kujua thamani yake, asimame pembezoni mwa barabara ya Dodoma kwenda Morogoro pale ambapo lori mbili zinapishana, na mwendesha baiskeli yuko kwenye ukingo wa lami.

Matokeo ya mchanganyiko ndiyo yanayonihangaisha. Wapo wauzaji wanaowaambia vijana wa bodaboda kwamba matone machache ya kanabidioli "yanakata makali" ya bangi waliyovuta, hivyo wanaweza kupanda pikipiki mara moja. Jaribio lile lilionyesha kwamba kanabidioli haikuondoa chochote katika myumbo uliosababishwa na THC. Maneno haya yanasemwa waziwazi vijiweni, nami sijawahi kuona bango, kipeperushi wala kusikia tangazo la redio linaloyakanusha.

Jaribio jingine, la Australia la mwaka 2022, liliwapa watu 17 kanabidioli ya kumeza ya miligramu 15, 300 na hata 1500, kisha wakaendesha katika kifaa cha kuigiza udereva. Hawakuharibikiwa uendeshaji. Naliweka hapa kwa sababu ni haki liwekwe, ingawa linaudhoofisha upande wangu machoni pa mtu anayesoma haraka. Anayesoma polepole ataona kwamba watu hao walipewa kanabidioli iliyopimwa, walikuwa na afya njema, na hawakuwa wamemeza dawa nyingine juu yake. Dereva wangu hana hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu.

3. Macho.

Hapa ndipo nilipo na kazi, na ndipo ninapoomba subira yenu.

Kwa miaka mingi watu wamesikia kwamba bangi inatibu presha ya macho, ugonjwa ambao hospitali huuita glakoma. Habari hiyo ina mzizi: mwaka 1971 watafiti wa Marekani, Hepler na Frank, waliandika kwamba waliovuta bangi walishuka presha ya macho. Ushukaji huo hudumu saa chache tu, kwa hiyo anayetaka kujitibu kwa njia hiyo itambidi avute mchana na usiku, naye hatafaa kukaa nyuma ya usukani hata dakika moja. Zaidi ya hapo, kinachoshusha presha ni THC. Kanabidioli haifanyi hivyo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mdogo uliofanyika Uskoti, wa wagonjwa sita wa presha ya macho, ambao walipewa dawa chini ya ulimi, vilevile kama anavyofanya dereva wangu. Miligramu 5 za THC zilishusha presha kwa muda. Miligramu 20 za kanabidioli hazikubadilisha kitu. Miligramu 40 za kanabidioli ziliipandisha kwa muda, ikaonekana saa nne baadaye. Mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Indiana, panya waliodondoshewa kanabidioli machoni nao walipanda presha, na ilidumu saa kadhaa.

Watu sita ni wachache, na panya si madereva. Nalijua hilo. Lakini naomba mfanye hesabu niliyoifanya mezani kwangu. Kichupa cha miligramu 1000 katika mililita 30 kinatoa takribani miligramu 33 kwa kitonesha kimoja cha mililita moja. Viwili ni 66. Basi mtu mwenye presha ya 27 anajidondoshea kila usiku kiasi kinachozidi kile kilichopandisha presha katika utafiti pekee ninaoujua unaofanana na matumizi yake, huku akiamini anajitibu, na huku muuzaji akimwambia kwamba "inasaidia mpaka macho". Ningekuwa mzembe kama ningenyamaza kwa kisingizio kwamba utafiti ni mdogo.

Presha ya macho haiumi. Inakula pembeni kwanza. Mgonjwa anaendelea kusoma herufi za katikati ya ubao vizuri kabisa, lakini mtoto anayetoka nyuma ya basi lililosimama upande wa kushoto hamwoni mpaka awe mbele ya bampa. Nimewapima madereva waliopoteza nusu ya uoni wa pembeni na wakashangaa nilipowaonyesha mchoro wake, kwa kuwa ubongo huziba pengo hilo kama fundi anayeziba ufa kwa rangi.

Kisha kuna mwanga mkali. Barabara kutoka Kibaigwa hadi Dodoma kwa sehemu kubwa inaelekea magharibi, na kuanzia saa kumi na moja jioni jua linakaa usawa wa kioo cha mbele. Ongezeni vumbi letu, ambalo hakuna aliyeishi Dodoma mwezi wa Agosti anayehitaji kuelezwa, na kioo kizima kinageuka kuwa taa. Hapo dereva hahitaji macho ya kusoma herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Anahitaji macho yanayoweza kumtenganisha mtu aliyevaa kaki na udongo wa kaki nyuma yake. Mwaka 2021 watafiti wa Granada, Hispania, walichapisha vipimo vya watu 31 waliovuta bangi, wakaona kwamba ukali wa macho, uwezo wa kutofautisha weusi na weupe unaokaribiana, uoni wa kina na uwezo wa kurekebisha macho kutoka mbali kuja karibu vyote vilishuka, na usumbufu wa mwanga mkali ukaongezeka. Baadhi yao walisema hawakuhisi kwamba uoni wao umebadilika. Ile ilikuwa bangi yenye THC, wala siihesabu kama hatia ya kanabidioli safi. Lakini kichupa chenye THC ambayo lebo inaikana kinamweka dereva katika kundi hilo bila ridhaa yake.

Sisi watu wa kanda ya kati tuna sababu ya ziada ya kujali. Kongwa inajulikana duniani kote kwa utafiti wa trakoma, ile tunayoiita vikope, ambao Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa hapa nchini waliufanya kwa miongo kadhaa. Kuna watu wazima wengi katika wilaya hizi ambao kioo cha jicho kilibaki na makovu, na kovu hutawanya mwanga kama kioo cha gari kilichokwaruzwa na waipa bovu. Jicho la namna hiyo tayari limechoka, na halina akiba ya kupoteza.

4. Usingizi, na dawa juu ya dawa.

Kanabidioli safi ni dawa inayotambulika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha Juni 2018, kwa jina la Epidiolex, kwa aina mbili za kifafa kikali. Maelezo yake ya mwaka huo yanasema kwamba asilimia 32 ya waliopewa katika majaribio walisinzia au kulegea, dhidi ya asilimia 11 ya waliopewa dawa bandia. Na kwa waliokuwa wakimeza pia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, asilimia ilikuwa 46. Wengi wao walikuwa watoto wagonjwa, na dozi zao zilikuwa kubwa kuliko za matone ya stendini, kwa hiyo asilimia hizo haziwezi kubandikwa kwa dereva wa lori kama zilivyo. Lakini maelezo yaleyale yanamtahadharisha mgonjwa asiendeshe gari mpaka ajue dawa inamfanyaje, na yanaonya kuhusu pombe na dawa nyingine zinazotuliza ubongo. Dawa iliyopita maabara ina onyo la usukani. Kichupa cha dereva wangu kina picha ya jani na jua linalochomoza.

Madereva wetu wanameza vitu vingi kwa wakati mmoja: ya mafua inayosinzisha, ya presha ya damu, ya maumivu ya mgongo, na wakati mwingine ya kukaa macho. Kanabidioli hupunguza kasi ya ini kuvunja baadhi ya dawa, hivyo nyingine hubaki mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Hakuna anayemuuliza dereva swali hilo, wala yeye hajui kwamba ni swali.

5. Kipimo cha macho cha leseni hakiwezi kuliona tatizo.

Tunampima dereva kwa ubao wa herufi. Umbali wa mita sita, funika kulia, funika kushoto, soma. Nimewakuta madereva walioukariri ubao, na mmoja alinisomea mstari wa chini kabla sijawasha taa. Ubao huo unapima kitu kimoja tu. Haupimi uoni wa pembeni, haupimi mwanga mkali, haupimi uoni wa giza, na haugusi presha. Mambo yote niliyoyataja katika hoja ya tatu yanaweza kumkuta dereva na bado akaondoka na fomu iliyosainiwa, nami nimekuwa mmoja wa wanaozisaini.

6. Anayetaka kusema ukweli hana mahali pa kwenda.

Dereva yule alitaka kuniachia kichupa chake ili nikipeleke kupimwa. Nilikataa, kwa aibu. Sikujua ningekipeleka ofisi gani bila kuulizwa kwa nini ninatembea na bidhaa ya bangi, na yeye hakujua angekipeleka wapi bila kulala ndani. Kwa upande mwingine, mwajiri akimpima mkojo anaweza kukuta dalili za THC kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta hata msokoto mmoja: katika jaribio la Johns Hopkins, watu wawili kati ya sita waliovuta mara moja bangi yenye kanabidioli nyingi na THC kidogo sana walikutwa hivyo. Atapoteza kazi kwa kuiamini lebo.

Waheshimiwa, majibu mtakayonipa nayakisia, maana mengine nimekwisha kuyapokea.

Mtasema bangi ni marufuku kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha ukiwa umelewa kilevi au dawa. Ni kweli, na sheria zote mbili naziheshimu. Lakini marufuku inamfikia mtu anayejua kwamba alichoshika ndicho kilichopigwa marufuku. Anayedhani ameshika mafuta ya mkonge hajaguswa na sheria hiyo mpaka siku atakapokamatwa, na kifaa cha trafiki cha kupuliza kinapima pombe peke yake.

Mtasema hakuna utafiti wa Kitanzania. Jicho la Mgogo na jicho la Mholanzi hupandishwa presha kwa njia moja, na palipo na tofauti, makovu ya vikope yanatuweka sisi katika hali mbaya zaidi. Kupima vichupa 20 vya sokoni hakuhitaji wafadhili; Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara na wataalamu.

Mtasema kulizungumzia jambo hili ni kulitangaza. Waheshimiwa, limekwisha kutangazwa, tena kwa spika, katika viwanja ambavyo mimi na ninyi tunapita kila siku.

Na pengine mtasema kwamba hata majaribio niliyoyataja yanaitetea kanabidioli. Yanaitetea kanabidioli iliyopimwa. Nipeni chupa iliyopimwa, nami nitaandika barua nyingine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba nijibiwe kwa maandishi katika siku 60:

(a) Vichupa vinavyouzwa stendi, masokoni na mitandaoni kama mafuta ya CBD vinunuliwe, vipimwe kiasi cha kanabidioli na THC, na matokeo yatangazwe kwa majina ya bidhaa.

(b) Itolewe kauli moja ya maandishi, kwa Kiswahili, inayosema bayana kama kanabidioli safi, isiyo na THC, inaruhusiwa, inaruhusiwa kwa cheti cha daktari, au hairuhusiwi kabisa. Neno "katani" lisitumike katika kauli hiyo. Liandikwe neno bangi.

(c) Iandaliwe karatasi ya ukurasa mmoja kwa madereva, yenye maneno haya machache: kwamba lebo haiaminiki, kwamba kanabidioli haiondoi athari za bangi, kwamba mwenye presha ya macho asiitumie bila kumwona daktari wa macho, kwamba asichanganye na pombe wala dawa zinazosinzisha, na kwamba akihisi usingizi au akiona duara kwenye taa, apaki.

(d) Fomu ya uchunguzi wa macho ya dereva wa abiria na wa mizigo iongezewe kipimo cha uoni wa pembeni, na presha ya macho kwa kila aliyetimiza miaka 40, pamoja na swali moja kuhusu dawa na virutubisho anavyotumia. Uoni wa pembeni unaweza kukaguliwa kwa vidole vya mpimaji na dakika mbili. Sidai mashine za mamilioni kila wilaya.

(e) Iwekwe siku na mahali ambapo dereva anaweza kukabidhi bidhaa hizi kwa ajili ya kupimwa bila kushtakiwa kwa kuikabidhi.

Ombi la tano najua ni gumu kwa wanasheria. Niko tayari kuja kuzungumza nalo na mengine yote, siku na saa mtakayoipanga.

Dereva niliyemtaja nilimpeleka kwa daktari wa macho, akaandikiwa matone ya kushusha presha. Mafuta yake aliniambia ameyaacha, ingawa aliyasema hayo akiangalia chini. Anarudi kupimwa wiki ya pili ya mwezi ujao, akitokea Singida na mzigo, na amekwisha kuniambia kwamba atakuja na wenzake wawili wenye vichupa kama chake. Ningependa siku hiyo niwe na karatasi yenu mkononi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpima macho, Dodoma

Nakala: Vyama vya madereva wa malori, mabasi, bajaji na bodaboda, Dodoma na Singida.